UZI: Roosevelt alifungaje ekari milioni 230 wakati nusu ya Seneti ilikuwa inamwinda?

#1 Ramani Kuukuu
Wakuu, salaam. Kila akitajwa Theodore Roosevelt (yule rais wa 26 wa Marekani, si Franklin wa Vita vya Pili) watu hukimbilia dubu wa kuchezea na ile safari ya bunduki ya Mombasa hadi Khartoum. Leo tuongelee kazi ya ofisini. Aliapishwa Septemba 1901 baada ya Rais McKinley kupigwa risasi Buffalo, akiwa na miaka 42. Akatoka Machi 1909. Katikati hapo alitenga kama ekari milioni 230: misitu ya taifa 150, hifadhi za ndege 51, hifadhi za wanyama 4, hifadhi za taifa 5 na kumbukumbu za taifa (national monuments) 18. Wakati huohuo maseneta wa majimbo ya magharibi walikuwa hawataki hata kumsikia.

Hoja yangu: hakuwashinda wenzake kwa kupenda wanyama. Aliwashinda kwa kujua sheria ipi ina mlango ambao Bunge lilisahau kuufunga. Anayebisha aje na tarehe.

#2 Tandika Moja
Nimeshika kiti cha mbele. Ila mkuu, mwanzilishi wa hifadhi za taifa duniani unamfanya karani?

#3 Wakili wa Shamba
@Tandika Moja, si mwanzilishi. Yellowstone ilitengwa 1872, rais akiwa Grant, na Roosevelt alikuwa mtoto wa miaka 13. Idara ya hifadhi za taifa nayo ilianzishwa 1916, Wilson akiwa rais. Kipindi chote cha Roosevelt, Yellowstone ililindwa na askari wa farasi wa jeshi.

Kwa swali la mleta uzi, tenganisheni mafungu, maana kila fungu lina ufunguo wake:

Hifadhi ya taifa inahitaji sheria ya Bunge. Ndiyo sababu ya idadi ndogo, tano tu: Crater Lake 1902, Wind Cave 1903, Sullys Hill 1904, kisha Mesa Verde na Platt 1906. Na mbili kati ya hizo hazipo tena kwa jina hilo.

Msitu ulihitaji tamko la rais peke yake. Kifungu cha 24 cha sheria ya ardhi ya 1891, iliyosainiwa na Harrison, kilimruhusu rais kutenga ardhi ya umma yenye miti. Hakikutaja kikomo cha ekari. Mlango wenyewe ndio huo.

Kumbukumbu ya taifa: sheria ya mambo ya kale ya tarehe 8 Juni 1906. Ililenga magofu ya wenyeji wa kusini-magharibi yaliyokuwa yanachimbwa na wezi wa vyungu, lakini ikaongezwa "vitu vya thamani ya kisayansi". Ilisema eneo liwe dogo kadiri inavyotosha kukilinda kitu hicho, bila kutaja kikomo cha ekari. Septemba 1906 akaanza na mwamba wa Devils Tower. Januari 1908 akaitangaza Grand Canyon kuwa "kitu", zaidi ya ekari laki nane.

Hifadhi za ndege: hapo hakukuwa na sheria kabisa.

#4 Binti Kipepeo
Naongezea hapo kwa @Wakili wa Shamba. Ya kwanza ni Pelican Island, Florida, tarehe 14 Machi 1903. Kisiwa hakifiki ekari 6, ndege aina ya mwari wamejazana kama abiria wa kivuko. Tatizo lilikuwa kofia za wanawake. Manyoya ya yangeyange wakati huo yaliuzwa ghali kuliko dhahabu kwa uzito, na yanakuwa mazuri zaidi msimu wa kuzaliana. Kwa hiyo ukimuua mzazi unaua na makinda, na koloni nzima inaisha kwa misimu miwili mitatu.

Agizo lilikuwa la mistari michache tu. Likamwacha mlinzi, Paul Kroegel, bila mshahara wa serikali. Chama cha kulinda ndege kilimlipa dola 1 kwa mwezi. Sheria ya kumshtaki anayesumbua ndege ndani ya hifadhi hizo ilipitishwa Juni 1906, miaka mitatu baadaye. Kazi ya ulinzi haikuwa mzaha pia: Julai 1905 Guy Bradley, mlinzi wa ndege kusini mwa Florida, aliuawa kwa risasi na mwindaji wa manyoya.

#5 Tandika Moja
Dola moja kwa mwezi na bado anafika kazini. Huku mgambo angeshakuwa dalali wa manyoya.

#6 Ramani Kuukuu
@Tandika Moja 😂

Turudi 1907, maana hapo ndipo unaona ufundi. Seneta Fulton wa Oregon alichomeka kipengele kwenye muswada wa bajeti ya Wizara ya Kilimo: rais asitenge tena msitu mpya katika Oregon, Washington, Idaho, Montana, Wyoming na Colorado bila Bunge. Ujanja ni kuubandika kwenye bajeti. Ukikataa kusaini, wizara nzima inakosa fedha, pamoja na walinzi wako wa misitu.

Roosevelt hakukataa. Alikuwa na siku chache za kusaini, na kipengele hakina nguvu mpaka asaini. Gifford Pinchot, mkuu wa misitu, akawafungia makarani ofisini na ramani wakifanya kazi usiku na mchana: chora mpaka, andika tamko, peleka likasainiwe. Tarehe 1 na 2 Machi yakatoka matamko ya misitu mipya 21 na nyongeza kwa misitu 11 ya zamani, jumla kama ekari milioni 16. Tarehe 4 Machi akasaini muswada. Fulton alipata sheria yake, ila misitu ilikwishaondoka. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyobadili jina kutoka "misitu ya akiba" kuwa "misitu ya taifa".

#7 Mla Miwa
Mnamsifia kwa kalamu, lakini kalamu ilikuwa ya Pinchot. Huyu bwana alisomea misitu Nancy, Ufaransa, akarudi na hesabu za wazungu wa huko: usikate zaidi ya kinachokua. Tatizo lake la kwanza halikuwa msitu, lilikuwa wizara. Hadi 1905 misitu ilikuwa chini ya ofisi ya ardhi ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na kazi ya ofisi hiyo kwa desturi ilikuwa kugawa ardhi. Wataalamu wa miti walikuwa Wizara ya Kilimo, hawana hata mti mmoja. Sheria ya tarehe 1 Februari 1905 ikahamisha misitu ikawafuata wataalamu. Bila hiyo, ekari milioni 230 zingebaki rangi ya kijani kwenye karatasi.

Kilichofuata ndicho kilichowachoma wafugaji: kuanzia 1906, ukilisha ng'ombe kwenye msitu unachukua kibali na unalipa kwa kichwa. Fred Light wa Colorado aligoma. Hoja yake: ng'ombe wanaingia wenyewe, na serikali haijaweka uzio. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, 1911 akashindwa: ukiachia mifugo kwa makusudi mahali unapojua itaingia msituni, hiyo si bahati mbaya.

Kwa hiyo jibu la "kwa nini" ni mbao na maji. Walihofia nchi kuishiwa mbao. Mandhari ilikuja baadaye.

#8 Nyumbu Mtoro
@Mla Miwa sikubali kirahisi hivyo. Ukimtoa Roosevelt ukabaki na Pinchot, unapata mashamba ya miti, hupati Pelican Island. Mwari hatoi mbao. Huyu mtu tangu utotoni, na pumu yake, alikuwa anachuna ndege na kuwajaza pamba nyumbani New York.

Kisha kuna Dakota. Tarehe 14 Februari 1884 alifiwa na mke na mama siku moja, nyumba moja. Akakimbilia kwenye ranchi zake za magharibi. Huko akakuta baisani (nyati wa Marekani) wamebaki mifupa na nyasi zimelishwa kupita kiasi. Baridi ya 1886 na 1887 ikamalizia: theluji ikaganda juu ya nyasi zilizokwisha kulishwa hadi chini, ng'ombe hawawezi kuchimba, wanakufa wamesimama kwenye mabonde. Alipoteza zaidi ya nusu ya kundi. Desemba 1887 yeye na George Bird Grinnell wakaanzisha klabu ya wawindaji, Boone and Crockett Club.

#9 Wakili wa Shamba
Na sharti la kuingia klabu hiyo lilikuwa uwe umeua dume mzima wa angalau aina tatu za wanyama wakubwa wa Marekani. Kwa hiyo nadharia ya tatu, ambayo kwangu ina nguvu zaidi: ni wawindaji matajiri waliotaka windo lisiishe, na adui yao alikuwa mwindaji wa sokoni anayeuza nyama na ngozi.

Lakini haki yao wapewe. Hadi 1894 jangili akikamatwa Yellowstone adhabu ilikuwa kunyang'anywa vifaa na kufukuzwa nje ya mpaka, basi. Machi 1894 Edgar Howell alikutwa akichuna baisani, na hapakuwa na kifungu cha kumfunga. Gazeti la Grinnell likapiga kelele, klabu ikawabana wabunge, na Mei mwaka huohuo sheria yenye faini na kifungo ikapita.

#10 Mkamba Halisi
Hamjambo. Mmeruka 1909 kana kwamba haikutokea, na sisi ndio tulibeba mizigo.

Alishuka Mombasa tarehe 21 Aprili 1909 na mwanawe Kermit, pamoja na wanasayansi watatu wa makumbusho ya Smithsonian ya Marekani: Mearns, Heller na Loring. Akapanda reli ya Uganda, akaketi kwenye benchi mbele ya injini, akashuka Kapiti. Waongozaji ni Cuninghame na Tarlton. Wapagazi zaidi ya 200. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa ratili 60, yaani kilo 27, na posho kibaba cha nafaka kwa siku.

Hesabu ya bunduki za baba na mwana: wanyama wakubwa 512. Baba 296, mwana 216. Simba 17, tembo 11, faru 20. Ukijumlisha panya, ndege, nyoka na samaki, msafara ulirudi na vielelezo zaidi ya 11,000. Mhifadhi wenu huyo.

#11 Tandika Moja
Sasa uzi umeanza. Faru ishirini wa nini? Makumbusho hata ikiwa na ghorofa kumi?

#12 Fundi Ngozi
Nijibu upande wa ufundi, siasa nawaachia.

Kituo kikitaka kuonyesha kundi la mnyama kinahitaji dume, jike na mtoto. Kikitaka kufanya utafiti kinahitaji mafuvu na ngozi za umri tofauti, kutoka sehemu tofauti. Hiyo inaeleza wengi wao, haielezi wote. Simba tisa wa mtu mmoja ni raha ya bunduki, tusidanganyane.

Ila angalieni kazi iliyofuata kila risasi. Msafara ulichukua tani 4 za chumvi laini. Kwa mizigo ya kilo 27 hiyo ni migongo karibu 150 ya chumvi tupu. Ndiyo maana reli na mikokoteni ya maksai ilikuwa ya lazima, na sehemu kama Sotik maji yenyewe yalibebwa kwa mikokoteni.

Mnyama akianguka unapima kwanza, kabla kisu hakijagusa: urefu, kimo cha bega, mzingo wa shingo na tumbo. Ngozi ikishatoka hunyooka na kukudanganya. Kisha unachuna haraka, kwa joto la nyika huna muda. Ondoa nyama na mafuta yote, kwa sababu chumvi haipiti kwenye mafuta. Pasua midomo kwa ndani, geuza masikio utenganishe ngozi na gegedu. Hapo ndipo wengi wanaharibu: kiwiliwili kimekauka safi, lakini sikio limeoza na nywele zinanyonyoka ukizigusa. Sugua chumvi, kadiri ya kilo moja kwa kilo ya ngozi mbichi, ikunje nyama kwa nyama, iache itoe maji usiku mzima, mwaga maji, tia chumvi mpya, kisha anika kivulini. Juani upande wa juu unakauka mithili ya gundi na ndani kunabaki kubichi.

Tembo ni balaa nyingine. Ngozi ni nene mno, chumvi haifiki katikati, kwa hiyo watu kadhaa hukaa kuizunguka na visu wakiichonga kwa ndani mpaka iwe nyembamba. Hiyo ni kazi ya siku, si ya saa, na ilifanywa na Waafrika wa msafara wakisimamiwa na Heller. Ndege na wanyama wadogo wa enzi zile walipakwa sabuni ya aseniki ili wasiliwe na wadudu. Ndiyo maana vielelezo vya zamani bado vinashikwa kwa glavu.

#13 Binti Kipepeo
Ahsante @Fundi Ngozi. Niongeze kuhusu faru, maana @Mkamba Halisi amewaweka wote fungu moja. Kati ya wale 20, tisa walikuwa faru weupe, watano wa baba na wanne wa Kermit, na hawakuuawa Kenya. Waliuawa Lado, ukingo wa magharibi wa Nile, mwanzoni mwa 1910. Lado ilikuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyekuwa amekufa wiki chache tu kabla. Leo upande huo wa kambi yao uko Uganda, na mji bado unaitwa Rhino Camp.

Hao ni faru weupe wa kaskazini. Dume la mwisho, Sudan, alikufa Machi 2018 Ol Pejeta, Laikipia. Wamebaki majike wawili, Najin na Fatu.

#14 Nyumbu Mtoro
Tisa wa 1910 hawakuwamaliza. Walimalizwa na ujangili wa pembe na vita vya miaka ya 1970 na 1980 Uganda, Sudan na Kongo. Walioshikilia mwisho walikuwa hifadhi ya Garamba, Kongo. Ukitaka kumhukumu, mhukumu kwa alichojua: yeye mwenyewe alihofia kwamba huenda wanaelekea kwisha, na bado akapiga. Hilo ndilo gumu kumtetea.

#15 Tandika Moja
Angalau hifadhi za kwetu zilitokana na yeye kuja kuona.

#16 Wakili wa Shamba
@Tandika Moja leo umeamka na nini? Nairobi ni 1946, Serengeti 1951. Mkataba wa London wa kulinda wanyama wa Afrika ni wa 1900, na Wajerumani walikuwa na kanuni za uwindaji Tanganyika tangu 1896. Alikuta vibali vya uwindaji vipo, ndiyo maana yeye alihitaji ruhusa maalumu. Ukoloni haukuhitaji kufundishwa naye kuwanyima watu windo lao.

#17 Mkamba Halisi
Hapo umegusa, na kule kwao alifanya vilevile. Blue Lake, ziwa takatifu la watu wa Taos huko New Mexico, lilimezwa na msitu wa taifa 1906 bila kuwauliza. Walidai miaka 64. Nixon aliwarudishia ekari 48,000 mwaka 1970. Ile hifadhi ya baisani ya Montana ya 1908, ekari elfu 18 na ushei, ilikatwa katikati ya ardhi ya Wasalish na Wakootenai. Imerudi kwao kwa sheria ya Desemba 2020. Kwa hiyo ile "ardhi ya umma" ya kifungu cha 24, muulize kwanza umma upi.

#18 Mla Miwa
Sawa, ila hata palipokuwa hakuna mgogoro wa ardhi, sayansi yao ilikuwa na matobo. Mfano unaofundishwa hadi leo ni Kaibab, ukingo wa kaskazini wa Grand Canyon. Novemba 1906 Roosevelt aliutangaza hifadhi ya wanyama. Lengo ni kulungu. Wakazuia uwindaji, wakapunguza kondoo, na wawindaji wa serikali wakaua puma mamia, koyote maelfu, na mbwamwitu wakaisha kabisa. Roosevelt mwenyewe alikwenda kuwinda puma huko 1913.

Kulungu wakaongezeka. Kufikia 1924 miti ilikuwa imeliwa hadi kimo ambacho kulungu akisimama kwa miguu ya nyuma anafika, chini yake peupe. Machipukizi ya aspeni hakuna. Majira ya baridi mawili yaliyofuata wakafa kwa maelfu. Desemba 1924 walijaribu kuwaswaga wavuke Mto Colorado, watu na kengele na farasi kwenye theluji. Kulungu wakageuka wakapita katikati ya waswagaji. Hakuvuka hata mmoja.

#19 Nyumbu Mtoro
Hiyo hadithi ina pande mbili. Ile idadi ya kulungu inayotajwa sana, 4,000 kupanda hadi 100,000, ni makisio ya juu kabisa. Watu wa msitu waliokuwa palepale walikisia chini zaidi ya hapo. Miaka ya 1970 wanaikolojia waliipinga vikali: kondoo na ng'ombe kuondolewa kuliacha majani mengi, na hilo peke yake linatosha kuongeza kulungu bila kumtaja puma. Baadaye kuna waliopima umri wa aspeni wakaona pengo la miaka ileile, na hoja ya puma ikarudi mezani. Mimi naona vyote vitatu: puma, mifugo, na moto wa nyika kuzimwa.

#20 Wakili wa Shamba
Na kisheria Kaibab ni tamu. Serikali kuu ilipoanza kuwapunguza kulungu kwa risasi, jimbo la Arizona likawakamata wapigaji kwa kuvunja sheria ya uwindaji ya jimbo. 1928 Mahakama ya Juu ikasema serikali kuu inaweza kulinda ardhi yake hata dhidi ya kulungu.

#21 Tandika Moja
Kulungu anashtakiwa kwa kula. Nchi za watu.

Swali la mwisho kabla bando halijakata: hizi kumbukumbu za taifa, rais mwingine akija hawezi kuzifuta?

#22 Ramani Kuukuu
Sheria ya 1906 inasema rais anaweza kutangaza. Kuhusu kufuta imekaa kimya, na hapo ndipo wanasheria wanapogombana. Kivitendo wamepunguza. Mount Olympus ya jimbo la Washington, aliyoitangaza Roosevelt siku mbili kabla ya kuondoka ofisini ili kulinda wale kulungu wakubwa wenye jina lake, ilikatwa karibu nusu na Wilson 1915. Bears Ears ya Utah ilipunguzwa kwa asilimia 85 mwaka 2017, ikarudishwa 2021.

Kuhusu ukubwa, kesi ya msingi ni ya Ralph Cameron. Alikuwa na madai ya migodi ukingoni mwa Grand Canyon, madini haba, lakini yalimpa nafasi ya kutoza watalii ushuru wa kushuka kwa njia ya Bright Angel. Akadai korongo kubwa hivyo haliwezi kuwa "kitu cha kisayansi". 1920 akashindwa.

#23 Mla Miwa
Akashindwa mahakamani, mwaka uliofuata akaingia Seneti kama seneta wa Arizona, na kule akakaa akishambulia bajeti ya hiyohiyo Grand Canyon. Malizia hadithi mkuu.

#24 Wakili wa Shamba
Na 1926 wapiga kura wakamtoa. Nani ana ramani ya mpaka wa Mount Olympus kabla na baada ya 1915? Nataka kuona kama kilichokatwa ni miti ya chini mabondeni au kilele, maana hapo ndipo nadharia ya mbao ya @Mla Miwa itasimama au itaanguka.